Sekunde Hamsini na Mbili

Mimi ni mtu wa maneno mengi, na sioni haya kusema hivyo; ndiyo kazi inayonilisha. Kwa miaka ishirini nimesimama mbele ya majaji nikigombania vitu visivyoshikika: nembo ya sabuni, wimbo wa tangazo, picha ya mtoto iliyobandikwa kwenye pakiti ya biskuti bila mzazi wake kuulizwa. Watu hudhani kesi za hakimiliki na taarifa binafsi ni kesi baridi, za makaratasi tu. Waache wadhani. Mimi kuna sauti ya marehemu ninayoijua kuliko ninavyoijua ya dada yangu wa tumbo moja, nami ninaiogopa.

Mwenye sauti alikuwa binti wa fundi cherehani. Mama yake aliingia ofisini kwangu asubuhi moja na tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, ameisahau. Akakaa ukingoni mwa kiti utadhani amekuja kuomba radhi.

"Nilipiga simu kliniki kuulizia siku yangu ya presha," akasema. "Akapokea mwanangu."

"Anafanya kazi pale?"

"Mwanangu tumemzika mwaka jana, wakili."

Nimeshazoea wateja wenye majonzi, na nina dawa yao: glasi ya maji, kitambaa, maswali mafupi. Nikaomba namba, nikapiga, nikaweka spika. Ikaita mara mbili. Sauti ya msichana ikasema, "Karibu kitengo cha miadi. Samahani kwa kukusubirisha." Kabla ya neno samahani kulikuwa na kicheko kidogo cha puani, kama mtu aliyefumaniwa anaonja mboga jikoni. Mama Fundi aliziba mdomo kwa mikono miwili. Nikakata simu haraka. Sikuipenda hali ile hata kidogo.

Ilivyokuwa ni hivi. Binti alikuwa mwalimu wa chekechea, akiishi mbali na mama yake, na kila siku walikuwa wakitumiana ujumbe wa sauti kwenye simu. Kampuni yenye huduma hiyo ilikuwa ikihifadhi kila ujumbe kwenye mitambo yake. Simu ya mtu ilikuwa dirisha tu la kuchungulia. Kampuni hiyohiyo ilianza kutengeneza sauti za kupokea simu na kuziuza kwa kliniki, mabenki na watu wa maji. Sauti ya kliniki waliiita Namba Nne. Mama Fundi aliita jina la mwanawe.

"Nataka wamnyamazishe," akasema. "Hawezi kulala kaburini huku anapokea simu za watu."

Halafu akatoa simu yake, akanionyesha kitu ambacho hakuwa amemwonyesha mtu yeyote. Chini kabisa ya orodha ya ujumbe wa binti yake, ule wa mwisho ulikuwa haujafunguliwa. Sekunde hamsini na mbili. Uliingia saa nne asubuhi. Saa tano binti akavuka barabara, gari likampitia.

"Kwa nini hujaufungua?"

"Tulikuwa tumekorofishana. Aliniambia uchumba wake umevunjika, akasema mama, hili ni lako peke yako. Mimi nikawaambia wadogo zangu." Akaukunja ukingo wa mtandio. "Ulimi hauna mfupa, wakili. Sasa huo ujumbe sijui ni wa kunisamehe au wa kunilaani. Siku nikipata moyo nitaufungua mwenyewe. Mtu asije akaniambia kabla."

Nikaapa kwamba sitamwambia.

Katika kazi yetu tuna desturi ambayo hatuiandiki popote. Unapoandaa hati ya madai, unaomba kuliko unachotaka, kwa sababu jaji naye lazima apate cha kukata ili aonekane amepima. Ukitaka fungu moja, unaomba matatu. Nikaandika maombi sita. La nne ndilo nililolipenda zaidi, nikalisoma kwa sauti kwa karani wangu: kwamba mdaiwa afute kila nakala ya sauti ya marehemu, popote ilipo katika mitambo yake, pamoja na kila kilichotokana nayo. La tano likasema nakala zote zitakazotolewa kama ushahidi nazo ziteketezwe, za mawakili, za wataalamu na za mahakama yenyewe, ili keshokutwa asizuke mtu wa kuzichezea. Karani wangu ni mwanamke aliyenizidi umri, tunamwita Chapchap kwa sababu ukimtuma leo anakuwa ameshafanya jana. Alipiga makofi. Nami nikajiona nimeandika.

Mahakama ikaiamuru kampuni ilete ujumbe wote wa binti, aliomtumia mama yake na aliowatumia wengine. Ukaja kwenye flashi, mia tatu na kumi na mbili, pamoja na ule wa mwisho. Wakili hapeleki mahakamani kitu asichokijua. Hilo nilifundishwa siku ya kwanza, na nimewahi kuona kesi ya mwenzangu ikizama kwa kielelezo ambacho hakukisoma ukurasa wa nyuma. Kwa hiyo nikamwambia Mama Fundi ukweli: itabidi niusikilize na huo.

"Sikiliza, kama kazi inataka," akasema. "Uso wako tu ndio usiniambie."

Nilifunga mlango, nikavaa vipokea sauti, nikasikiliza siku sita. Binti akilalamika juu ya viatu. Binti akiiga watoto wa darasani kwake wanavyogombania kigoda. Binti akimuuliza mama yake kama amekunywa dawa, akijijibu mwenyewe kwamba hajanywa, akimgombeza. Nilicheka peke yangu ofisini, na kila nikicheka nilikumbuka kwamba aliyenichekesha yuko chini ya udongo. Siku ya sita jioni nikafika ule wa mwisho. Nikausikiliza mara tatu, kama kanuni yangu inavyotaka. Kisha nikavua vile vipokea sauti, nikavitia kwenye droo, nikaifunga kwa ufunguo. Sijui nilikuwa naogopa visitoroke au vipi.

Tangu hapo akawa haniachi. Nikipiga simu benki, ni yeye. Nikiulizia maji yaliyokatika, ananiomba radhi kwa kicheko chake kilekile. Siku moja kwenye lifti ya jengo jipya akaniambia, "Ghorofa ya tatu, karibu," nikasema ahsante mwanangu, na watu wawili wakageuka kunitazama. Nikateremka, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya saba.

Upande wa pili alisimama wakili tunayemwita Kizibao, kwa vile hata kwenye joto la kuyeyusha mshumaa hakivui. Hoja yake ilikuwa nzuri, sitamnyima haki yake. Alisema sauti ile si ya mtu mmoja. Imechanganywa kutoka maelfu ya sauti, kama rangi zilizomiminwa kwenye ndoo moja, na hakuna anayeweza kunyoosha kidole aseme tone hili langu. Akaongeza kwamba kama imo ya marehemu, basi ni ile salamu aliyorekodi kwa hiari yake siku anajiunga.

Nikamwita mtaalamu wangu wa sauti. Mama Fundi nikamwomba atoke nje kwanza. Tukampigia jaji samahani kumi na tisa, zote kutoka ujumbe wa binti kwa mama yake, kila moja na kicheko chake puani. Halafu tukapiga samahani alizowatumia mwalimu mkuu na wazazi wa watoto. Hazina kicheko. Halafu tukapiga ya kliniki.

"Mheshimiwa Jaji," nikasema, "binti huyu alicheka hivi kwa mtu mmoja tu duniani. Kicheko hiki hakikuokotwa barabarani. Kimeibwa kutoka masikioni mwa mama yake."

Jaji alivua miwani. Hata Kizibao alitazama chini. Nikasema tena, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, kwamba hakuna kinywa chenye haki ya kusema kwa sauti ya marehemu bila ruhusa yake, kiwe cha mtu au cha mashine. Niliipenda sana sentensi ile.

Hukumu ilisomwa kwa dakika arobaini. Mwishoni jaji akafika kwenye maombi, nami nikaandaa kalamu niandike kilichokatwa. "Maombi yote sita," akasema, "yamekubaliwa kama yalivyoombwa. Yatekelezwe ndani ya siku kumi na nne."

Hakukata hata neno. Kizibao akainamisha kichwa, hakuomba nafasi ya kukata rufaa, akakusanya mafaili yake. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Lakini ushindi una pombe yake. Nilikuwa nakumbatiwa na Mama Fundi kwenye korido, tepu yake ikinikwaruza shavuni. Karani wa mahakama alinipa karatasi kadhaa nisaini, nikasaini nikiwa nimeziegemeza ukutani. Palepale Mama Fundi akapiga simu kliniki kwa spika. Kliniki, kwa kuihofia hukumu, ilikuwa imeshabadilisha: ikapokea sauti ya mwanamume, kavu, kama ya askari wa getini.

"Huyu simjui!" Mama Fundi akacheka huku machozi yakimtoka. "Ahsante Mungu, huyu simjui kabisa." Akafuta macho. "Sasa yuko sehemu moja tu, kwenye simu yangu. Nipe siku chache nijikaze, wakili. Nitaufungua."

Siku ya kumi na nne, kabla sijamaliza chai, akapiga.

"Wakili, mbona hapa pamekuwa peupe?"

Sikumwelewa, au niseme masikio yangu yalielewa kabla yangu, kwa sababu nilikuwa nimeshasimama.

"Jina lake lipo, wakili. Nikigusa, hakuna kitu. Wanasema ujumbe huu haupo tena. Wote. Nimeshuka mpaka chini, na ule nao. Wanakuja kurudisha saa ngapi?"

Kila nakala. Popote ilipo katika mitambo yake. Ujumbe wa Mama Fundi haukuwahi kukaa kwenye simu ya Mama Fundi. Ulikaa kwao siku zote, na mimi nililijua hilo, nililiandika kwenye hati yangu, ukurasa wa tatu, kama msingi wa madai. Nikalijua kwenye ukurasa wa tatu na kulisahau kwenye ukurasa wa kumi na moja, kwa sababu sikuwa naomba ili nipewe. Nilikuwa naomba ili nikatwe. Mtaka yote hukosa yote, na wa kukosa hakuwa mimi.

"Chapchap!" nikaita. "Ile flashi iko wapi?"

"Nimeshaifuta zamani," akajibu kwa furaha kutoka mezani kwake. "Tena nikaipiga nyundo, na kiapo nimepeleka. Waliosema siku kumi na nne wamwambie mwingine, mimi siku ya tatu nilikuwa nimemaliza." Akaniona uso. "Kulikoni?"

Mtaalamu wa sauti alikuwa amefuta, na ule wa mwisho hakuwahi hata kuufungua, kwa kuwa haukuwa na samahani. Masjala ya mahakama wakanionyesha hati ya kuteketeza bahasha yenye kielelezo cha mia tatu na kumi na mbili. Ilikuwa na sahihi mbili. Ya pili ilikuwa yangu, imeandikwa kwa mstari wa kupanda, kama ya mtu aliyeegemeza karatasi ukutani.

Nikampigia Kizibao. Sikumsalimu.

"Msomi mwenzangu," akasema, "'popote ilipo' ni maneno yako. Niliposoma nilielewa yanafika wapi. Nilidhani na wewe unaelewa."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia nikiwa wakili wa nani?" Nikamsikia akivuta pumzi. Aliporudi hakuwa na ile sauti ya mahakamani. "Nimewauliza wale wa mitambo. Nikawauliza mara ya pili, nikawaambia nina mama pia. Hakuna kitu, dada. Wamefuta vizuri."

Nikaenda kwa miguu, ingawa gari lilikuwepo. Nilitaka njia iwe ndefu. Na njiani, sitaficha, nilianza kutunga. Hapakuwa na kielelezo tena, wala shahidi mwingine duniani. Kule kwenye kampuni ilikuwa imesikiliza mashine tu. Ule ujumbe aliyewahi kuusikia kwa masikio yake ni mimi peke yangu. Ningeweza kumpa mama yule msamaha mzima, wa kumlaza usingizi mpaka siku zake ziishe. Nilitunga maneno mazuri sana. Kufika mlangoni kwake nilikuwa nayo yote, yamenyooka, na yenye kituo mahali pake.

Alikuwa ameketi nyuma ya cherehani, hashoni. Simu ilikuwa juu ya meza, imegeuzwa kifudifudi. Nikamweleza kila kitu: maombi, desturi yetu, siku kumi na nne, sahihi yangu ukutani. Sikujitetea. Nilisubiri anitukane, na ningeshukuru.

"Kwa hiyo umebaki nao wewe," akasema.

"Nimebaki nao mimi, mama."

Akanitazama kwa jicho lile mafundi wanalotazamia nguo uliyoivaa ya fundi mwingine. "Basi sema. Ila usinishonee. Nimeshona miaka arobaini, najua nguo iliyopimwa na nguo ya kubahatisha. Nipe ileile."

Yale maneno mazuri yakanikimbia yote. Nikafumba macho. Siku sita na vipokea sauti si mchezo. Nilipofungua kinywa sikutafuta hata neno moja.

"'Mama. Nilikuambia wewe. Nilikuambia wewe peke yako. Mama mdogo kanipigia kunipa pole, na yule wa pili naye, hata mke wa mjomba, ambaye namba yangu sijui kaitoa wapi. Yaani kila mtu anajua. Mimi nilitaka liwe langu kwanza, mama. Wiki moja tu. Leo siongei na wewe. Usinipigie. Nikitulia nitakupigia mwenyewe.'"

Hapo kwenye ujumbe kuna kimya, kuna honi ya gari, kuna mkoba unaofunguliwa zipu.

"'Halafu lile gauni la bluu usilibane kiuno. Nimenenepa.'"

Mama Fundi hakulia. Alitazama ukutani nyuma yangu, nami nikageuka. Gauni la bluu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, limefunikwa nailoni.

"Nimelibana," akasema. "Nililibana siku ileile. Nilitaka akija alikute tayari."

Nilitaka kumshika mkono lakini sikuthubutu. Akavuta kiti chake karibu na changu mpaka magoti yakagusana. Akafumba macho.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akasema tena. Nikarudia mara nne, na mara ya nne nikajisikia natoa pumzi mahali ambapo binti alitoa pumzi, nakata neno alipolikata. Ile sentensi yangu ya mahakamani ilinijia, ya kinywa na haki na marehemu, nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Lakini sikuacha.

Sasa ni mwezi wa nane tangu siku ile. Ninakwenda kila Jumanne baada ya mahakama. Chapchap anadhani nashonewa nguo. Tunakaa goti kwa goti, anafumba macho, nasema sekunde hamsini na mbili, halafu ananipa maji, tunazungumza mambo ya bei ya nyuzi. Nikiwa peke yangu garini naujaribu kwa sauti, nisije nikapoteza neno. Mimi huwa nawaangusha mashahidi kwa neno moja lililohama kutoka mwanzo wa sentensi kwenda mwisho. Najua jinsi kumbukumbu inavyotiwa chumvi bila mwenyewe kuona mkono uliotia. Kwa hiyo ninajilinda. Nilidhani ninajilinda.

Jumanne iliyopita nilifika kwenye "nitakupigia mwenyewe," nikasikia kinywa changu kinaongeza: "mama yangu."

Akafumbua macho.

"Hilo mwanzo halikuwepo," akasema.

Sikuwa hata na uhakika ni mara ya ngapi nimelisema. Nilitafuta kichwani ile sauti yenyewe, ya kwenye flashi, nipime, na niliyemsikia alikuwa mimi.

Mama Fundi alitazama mikono yake, akang'oa uzi uliokuwa umenasa kwenye kucha.

"Liache likae," akasema. "Anza tena. Anzia pale aliposema aliniambia mimi peke yangu."